Mkono wa Plastiki na Sufuria ya Ugali

Kwa miaka mingi, vituo vingi vya Marekani vinavyopokea mbwa wasio na mwenyewe vilikuwa na kifaa ambacho mgeni angekiona akadhani kimetoka duka la nguo. Kilikuwa mkono wa plastiki wenye vidole vitano, umefungwa kwenye fimbo. Mbwa aliletwa chumbani, akawekewa bakuli la chakula kitamu, akaachwa aanze kula. Kisha mpimaji, akiwa amesimama mbali, aliupeleka ule mkono hadi kwenye bakuli, akamsukuma mbwa shavu, akajaribu kumwondolea chakula. Aliyeendelea kula aliandikiwa kuwa amefaulu. Aliyekakamaa, akanguruma au akaing'ata plastiki, aliandikiwa kuwa ni mkali wa chakula. Katika vituo kadhaa maandishi hayo yalitosha kumfanya asitolewe kwa mtu yeyote, na kituo kilichojaa hakina pa kumweka mbwa asiyetolewa. Alichomwa sindano ya mwisho.

Mkono huo umenikaa moyoni kwa sababu unabeba swali ambalo kila kituo cha wanyama, tajiri au maskini, hulikuta mlangoni kila asubuhi. Mbwa akinguruma ndani ya kizimba, au paka akijikunyata kwenye kona ya tundu siku tatu bila kugusa chakula, tumeiona tabia ya mnyama au tumeona kufungiwa kunavyomfanya? Baada ya kusoma tafiti za miaka thelathini hivi, naamini kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita tabia mbaya ya mbwa na paka wa vituoni hutengenezwa na kituo chenyewe. Anayetaka kuirekebisha hana budi kuanza na kizimba, ndipo amgeukie aliyemo.

Mwaka 2013 Amy Marder na wenzake, waliokuwa na Animal Rescue League ya Boston, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa 97 waliotoka kituoni kwenda majumbani. Mbwa 20 kati yao walikuwa wameonyesha ukali wa chakula walipopimwa. Walipofika kwa wenyewe wapya, 11 waliendelea kuuonyesha na 9 hawakuuonyesha. Upande wa pili, kati ya 77 waliofaulu mtihani, 17 walionyesha ukali huo nyumbani. Na wengi wa wenye mbwa, hata ambao mbwa wao walinguruma juu ya bakuli, hawakuliona kuwa jambo kubwa: walimwacha mbwa ale kwa utulivu, basi. Miaka mitatu baadaye Gary Patronek na Janis Bradley walipiga hesabu kwa mapana zaidi. Mbwa wenye hatari ya kweli ni wachache mno katika kundi zima linaloingia vituoni, na kipimo chochote chenye makosa kikitumika kuwasaka hao wachache, huwanasa wasiohusika kwa wingi. Walihitimisha kwamba mbwa anayeitwa mkali na mtihani wa aina hiyo amehukumiwa kwa kitu kisichozidi kurusha sarafu. Mwaka 2018 ikaripotiwa habari ya vituo tisa vilivyoacha kabisa kupima ukali wa chakula. Majeraha ya wafanyakazi na ya watu waliochukua mbwa hayakuongezeka.

Nilipozisoma tarakimu hizo nilimkumbuka Popi. Alikuwa mbwa wa nyumbani kwetu Morogoro nilipokuwa shule ya msingi, na kama mbwa wengi wa ulinzi katika miji yetu, alifungiwa bandani alfajiri na kufunguliwa saa tatu usiku. Banda lilikuwa la mabati na wavu, urefu wake hatua nne. Dada wa kazi alimwogopa. Sufuria ya ugali na mchuzi wa dagaa aliisukuma kwa ufito chini ya mlango, na alipotaka kuirudisha aliivuta kwa ufito uleule, mara nyingine Popi akiwa hajamaliza. Siku moja ufito haukuonekana, akaingiza mkono. Popi alimuuma vidole viwili. Baba akasema mbwa huyu ameharibika, na sote tukakubali, kwa kuwa damu ilikuwa imemwagika na hatukuwa na neno jingine. Hakuna aliyeuliza ule ufito ulikuwa umemfundisha nini kila jioni kwa miaka minne. Wiki hiyohiyo aliitwa mtu wa mifugo, na tuliporudi kutoka shule banda lilikuwa tupu.

Mwaka 1997 Michael Hennessy wa Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, alichapisha pamoja na wenzake vipimo vya kotisoli katika damu ya mbwa wa kituo cha kaunti. Kotisoli ni homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi unapokuwa kwenye msongo. Katika siku tatu za mwanzo kituoni, kiwango chake kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha mbwa waliopimwa wakiwa majumbani mwao. Siku tatu za mwanzo ndizo pia ambazo mbwa hutazamwa, hupimwa na huandikiwa sifa zitakazomfuata. Ni sawa na kumfanyia mtu usaili wa kazi usiku aliofiwa.

Fikiria kinachomkuta. Kubweka kwa mbwa kadhaa katika jengo la saruji na vyuma hupita desibeli 100, kelele ambayo mfanyakazi wa kiwandani angetakiwa kuziba masikio, na sikio la mbwa linasikia zaidi ya letu. Aliyezoea kwenda haja nje, sasa analala hatua mbili kutoka kwenye mavi yake. Watu wasiojulikana wanapita, wanasimama, wanamkodolea macho. Na jambo zito kuliko yote ni kwamba amenyang'anywa dawa yake ya asili ya woga, yaani kuondoka. Mbwa wa mtaani akiona kitu asichokielewa huzunguka, huvuka barabara, hujiweka mbali, na mambo yanakwisha. Ndani ya kizimba hana pa kwenda, kwa hiyo hubaki na dawa ya pili, ya kusema. Anapiga miayo bila kuwa na usingizi. Analamba pua. Anageuza uso pembeni na kuonyesha weupe wa jicho. Anakakamaa. Hayo yote ni maombi ya kuachiwa nafasi, na yasipopata msikilizaji ndipo hufuata mngurumo.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi wema. Mbwa akinguruma, anapigwa au anakemewa, ananyamaza, na aliyempiga anaona amemfunza. Woga uko palepale. Mbwa amejifunza tu kwamba kutoa onyo kunaleta kipigo, na siku atakapouma hatatanguliza onyo. Watu watasema aliuma ghafla, bila sababu.

Paka hutuhadaa kwa njia nyingine, kwa sababu yeye akiogopa sana hunyamaza. Mfanyakazi mwenye haraka hupita mbele ya tundu, humwona paka amelala kimya kwenye sanduku lake la mchanga, huandika kuwa ni mtulivu. Lakini paka hachagui kulala mahali pa haja akiwa na amani. Amejibanza hapo kwa kuwa lile sanduku lina kingo, na kingo ndicho kitu pekee kinachofanana na maficho. M. R. Kessler na Dennis Turner walitengeneza mwaka 1997 kipimo cha ngazi saba cha kusoma msongo wa paka kwa macho tu: mkao wa tumbo, miguu, mkia, kichwa, masikio, ukubwa wa mboni, pumzi. Kujifunza kukitumia hakuhitaji maabara. Paka aliyelegea hulala ubavu na tumbo likionekana. Aliyetishika hulalia miguu yote minne, kichwa chini ya mabega, mboni zimetanuka hata mchana. Wengi hushuka ngazi hizo taratibu ndani ya wiki mbili hivi. Swali ni kama kituo kinawasaidia kushuka au kinawazuia.

Na msaada wenyewe ni mdogo kiasi cha kutia simanzi. Claudia Vinke na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, waliwafuatilia paka 19 waliofika kituoni. Baadhi walipewa boksi la kujificha, wengine hawakupewa. Walichapisha mwaka 2014 kwamba wenye boksi walitulia mapema zaidi, tofauti ikionekana tangu siku za mwanzo. Wapo wanaohofu kwamba paka aliyejificha hataonekana na wageni, hivyo hatachaguliwa. Kinachotokea ni kinyume chake: paka mwenye pa kujificha ndiye anayejitokeza, kwa kuwa anajua atarudi wapi akishtuka.

Msongo wa paka pia hugeuka ugonjwa. Paka wengi hubeba kirusi cha hepesi tangu utotoni, nacho hulala mwilini mpaka mwili uchoke. Kufungiwa hukiamsha. Macho yanatoa machozi, pua inaziba, paka asiyesikia harufu haoni hamu ya chakula, na jirani zake wanaambukizwa. Mgonjwa hachukuliwi na mtu, basi anakaa zaidi, na kadiri anavyokaa ndivyo anavyochoka. Denae Wagner na Kate Hurley wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wameonyesha jinsi ukubwa wa tundu unavyohusiana na mafua hayo, wakawahimiza wenye vituo watoboe ukuta kati ya matundu mawili na kutia kijidirisha cha duara. Upande mmoja paka anakula na kulala, upande mwingine panakuwa pa haja. Anayefanya usafi humwacha upande mmoja akasafisha wa pili, bila kumshika wala kumwondoa. Idadi ya paka katika jengo itapungua, ni kweli. Lakini kituo chenye paka wachache wenye afya huwatoa kwa kasi, na mwisho wa mwaka hakijahudumia wachache.

Kuhusu muziki nitasema kidogo, kwa kuwa watu hupenda kuanza na muziki. Deborah Wells wa Belfast alionyesha mwaka 2002 kwamba muziki wa okestra wa taratibu uliwafanya mbwa wapumzike zaidi na kupunguza kubweka, na muziki mzito wa magitaa ukawachachamaza. Baadaye watafiti wa Glasgow waliona kwamba nafuu hiyo hupungua ndani ya siku chache mbwa wakishazoea nyimbo zilezile. Muziki hauna ubaya. Ila haumwongezei mbwa hata hatua moja ya kutembea.

Kinachonigusa zaidi ni kazi ya Alexandra Protopopova na Clive Wynne, kwa sababu walikwenda kutazama kitu ambacho sote tulidhani tunakijua: mtu akija kituoni, anamchagua mbwa kwa nini? Waliwafuatilia watu walipotoka nje pamoja na mbwa waliyemtamani. Kwa wastani ilichukua kama dakika nane kuamua. Na tabia zilizoamua zilikuwa mbili tu. Mbwa aliyejilaza karibu na mgeni alichukuliwa. Mbwa aliyepuuza mwaliko wa kucheza aliachwa. Kukaa kwa amri, kutoa mkono na vitu vya namna hiyo havikuwa na uzito. Sasa mfikirie mbwa aliyefungiwa saa 23 kwa siku, anatolewa nje kwa dakika nane, pua yake imejaa harufu za nyasi na mkojo wa wenzake. Hatajilaza karibu na mtu. Atavuta kamba, atanusa, atakimbia. Mgeni anaondoka akisema mbwa yule hakumpenda. Watafiti hao walipobadilisha mkutano wenyewe, wakamchagulia mbwa kitu anachopenda kuchezea na kumwongoza kwa vipande vya chakula alale miguuni pa mgeni, uwezekano wa kuchukuliwa ulipanda takriban mara mbili na nusu. Mbwa ni walewale. Kilichobadilika ni dakika nane.

Watafiti haohao walijaribu jambo jingine, rahisi hata linaonekana si la kitaalamu. Ili kupunguza kubweka na kurukia mlango wakati wageni wanapita, walilinganisha njia mbili. Ya kwanza ni ile ya wafunzaji: mbwa apewe kitu akinyamaza tu. Ya pili ni kumpita na kumpa, awe amenyamaza au anabweka. Zote mbili zilipunguza vurugu. Ya pili inafanya kazi kwa sababu haimfundishi mbwa utii, inabadilisha maana ya mtu anayepita. Mwanzoni nyayo za mtu zilimaanisha tishio au kupuuzwa. Baada ya siku kadhaa zinamaanisha kipande cha nyama, na mbwa anayesubiri nyama husimama, hunusa, hutazama. Njia hii haihitaji mfunzaji. Kopo linaning'inizwa kwenye mlango wa kizimba, na kila apitaye anadondosha kipande kimoja.

Lipo pia jambo la kumtoa mbwa alale nje ya kituo. Lisa Gunter na wenzake walichapisha mwaka 2019 habari za mbwa 207 katika vituo vitano vya Marekani, waliopelekwa majumbani kwa watu kwa usiku mmoja au miwili kisha wakarudishwa. Kotisoli katika mkojo wao ilishuka wakiwa huko, na vipindi vyao vya kulala bila kukatizwa vikawa virefu. Watu waliogopa kwamba kumrudisha mbwa kizimbani baada ya kuonja nyumba kungemuumiza zaidi. Vipimo vilionyesha kwamba msongo ulirudi pale ulipokuwa kabla ya safari, haukupanda juu yake. Na mtu aliyelala na mbwa nyumba moja hurudi na habari ambazo mtihani wa mkono wa plastiki haukuweza kuzitoa: anaogopa ngazi, anawapenda watoto, hakojoi ndani.

Gunter alikuwa amechunguza pia nguvu ya neno. Mbwa walioandikiwa kwenye kadi kwamba ni pitibuli walisubiri zaidi ya mara tatu ya muda wa mbwa waliofanana nao sura lakini walioandikiwa uzao mwingine. Sisi tuna neno letu, koko. Mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe, lakini masikioni mwetu ni mchafu, mwizi, mwenye kichaa, na anayekuja kutafuta mbwa wa kufuga mara nyingi huulizia jamii ya kigeni kabla hajamtazama aliye mbele yake.

Sitaki kudai kwamba kila woga na kila ukali ni kazi ya kizimba. Watoto wa mbwa huwa na kipindi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ambacho ubongo huwapokea watu kama sehemu ya dunia. John Paul Scott na John Fuller walilieleza hilo kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1965. Kwa paka kipindi hicho ni kifupi zaidi, kama wiki ya 2 hadi ya 7. Aliyekipita bila kuguswa na mkono mwema huanza maisha na deni. Lakini hata deni hilo hulipika kwa kiasi kikubwa kuliko tulivyodhani. Shirika la ASPCA lilianza mwaka 2013 kazi ya kuwatibu mbwa waoga kupindukia, wengi wakiwa wameokolewa kwa watu waliowarundika au waliowazalisha kama kuku, na baadaye likafungua kituo maalumu Weaverville, North Carolina. Ripoti yao ya mwaka 2022 ilihusu mbwa 441, ambao asilimia 86 walihitimu. Ilichukua miezi, chakula, hatua ndogondogo, na mbwa wengine wasio na woga waliowekwa nao ili waige. Hapakuwa na kipigo.

Paka wa vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe aliyekwisha kukomaa bila kushikwa na mtu ni habari nyingine. Kumweka tunduni ili azoee ni kumtesa. Anayemtakia mema humkamata, humfunga kizazi, humchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, kisha humrudisha kichochoro kilekile. Watu wa pwani wanakijua tangu madrasa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Mara nyingi husimuliwa kama kisa cha njaa. Lakini kosa lake lilikuwa na sehemu mbili: hakumlisha, wala hakumwachia aende kujitafutia. Sehemu hiyo ya pili ni ya kufungia, na tunaipita haraka mno.

Vituo vyetu ni vichache. Kituo cha KSPCA cha Nairobi, chenye mizizi ya tangu 1910, ni kimojawapo cha vikongwe, na vingine vingi vinategemea watu wachache wanaojitolea na daktari wa mifugo anayewahurumia. Hawana fedha za Weaverville. Ila boksi, kopo la vipande vya nyama, kijidirisha kati ya matundu mawili na mtu wa kumchukua mbwa Jumamosi hadi Jumatatu havihitaji mfadhili. Na mabanda ya uani kwetu, ambayo hatuyaiti vituo, yanafungia mbwa wengi kuliko vituo vyote vya ukanda huu vikijumlishwa.

Baada ya Popi tulikaa mwaka mzima bila mbwa. Kisha mama alileta mtoto wa mbwa, jike jekundu, akakataa kumfungia. Mabati ya banda aliyafanya uzio wa bustani ya mchicha. Mbwa akawa analala kando ya mlango wa jikoni, na mama kila alipotoka kumwaga maji au kuanika nguo alimdondoshea tonge la ugali, bila kumwita wala kumwambia kitu. Dada aliyekuwa ameumwa vidole alichukua miezi kuanza kudondosha la kwake. Mwaka wa pili nilimkuta ameketi kwenye kinu akichambua mchele, na mbwa amejilaza juu ya miguu yake.